Kabla Hujamkatia Mgonjwa Tikiti ya Eldoret

Msomaji, tuseme simu imepigwa kutoka nyumbani. Mama yako aliye Kosele amepewa miadi katika hospitali kuu ya rufaa mjini Eldoret, na jamaa wamekubaliana kwamba wewe uliye mjini na mwenye mshahara ndiwe utakayepanga safari. Swali la kwanza linalokujia ni la nauli. La pili ni la muda. Ni wachache wanaofika kwenye swali la tatu, nalo ndilo lenye uzito: safari yenyewe itamfanya nini mgonjwa huyu?

Kosele ni soko lililo kando ya barabara kuu ya Kisii kwenda Kisumu, karibu na Oyugis, kaunti ya Homa Bay. Eldoret, ambao ulipewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, uko mahali pa baridi kwenye urefu wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kisumu uko mita 1,130 hivi. Kwa hiyo anayetoka nyanda za ziwa kwenda Eldoret anapanda karibu kilomita moja nzima kwenda juu, awe amekaa kwenye matatu, basi au ndege.

Kabla ya yote, uliza kama safari hiyo ni ya lazima. Mara nyingi mgonjwa hupelekwa mbali kwa huduma inayopatikana Kisumu, au hata kliniki ya Oyugis ikiwa ni ya kuchukua dawa tu. Piga simu, uliza. Ikiwa jibu ni kwamba sharti afike Eldoret, basi tuendelee.

ARDHI NAYO HUPANDA

Kuna imani iliyoenea kwamba mtu mwenye moyo dhaifu, damu pungufu au pumu asipande ndege, kwa sababu ndege huenda juu sana, ilhali basi haliachi ardhi. Imani hii ina ukweli nusu. Ndege ya abiria huruka maelfu ya mita, lakini msafiri aliye ndani havuti hewa ya huko nje. Mitambo hukandamiza hewa ya ndani ili iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400, na ndege ya abiria hutengenezwa isizidi kiwango hicho cha juu katika safari ya kawaida. Ukitafakari utaona jambo la ajabu kidogo: aliye ndani ya ndege, kwa upande wa hewa, ni kama ameketi Eldoret.

Sasa angalia barabara. Kutoka Kosele unaweza kupitia Sondu na Kapsoit hadi Kericho, kisha Londiani, halafu Timboroa na Burnt Forest hadi Eldoret. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700. Abiria wa njia hiyo anapanda juu kuliko aliye ndani ya ndege, kisha anateremka tena kuingia Eldoret. Kwa hesabu ya mgandamizo wa hewa, kila pumzi ya Eldoret ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 11 ikilinganishwa na ya Kisumu. Pale Timboroa upungufu huo hukaribia asilimia 18.

Njia nyingine ni kufika Kisumu, kisha kupanda kupitia Chavakali na Kapsabet. Hapo mlima hupandwa taratibu na hakuna sehemu inayofikia urefu wa Timboroa. Kwa mgonjwa wa moyo, wa mapafu au wa damu, mimi ningeichagua njia hii bila kusita, hata kama gari la Kericho linaondoka mapema.

Mtu mzima mwenye afya hana la kuogopa katika safari hizi zote. Ugonjwa wa milimani unaowapata wapanda Mlima Kenya na Kilimanjaro, wa kichwa kuuma, kutapika na kukosa usingizi, kwa kawaida huanza pale mtu anapolala kwenye urefu unaozidi mita 2,500. Eldoret haufiki huko. Mgeni atahema akipanda ngazi siku mbili tatu za kwanza, na hiyo ni kawaida. Wanariadha wetu wamejenga jina lao duniani kwa kuishi na kukimbia katika hewa hiyo hiyo, na Iten iko juu zaidi. Lakini aliye na damu kidogo au moyo unaosuasua hana akiba ya kufidia upungufu huo. Akiwa Kosele anapumua vizuri akiwa ameketi, unaweza kudhani kwamba yuko sawa. Mpeleke Eldoret, mtembeze kutoka steji hadi lango la hospitali akiwa na mkoba, ndipo utakapoona midomo ikibadilika rangi.

Kipimo cha nyumbani ambacho madaktari wa safari hukitumia ni rahisi. Je, mgonjwa anaweza kutembea mita 50 mahali tambarare kwa mwendo wa kawaida, bila kusimama na bila kukata pumzi? Akishindwa, asifungashwe kwenye gari lolote wala ndege kabla ya daktari kumwona na kusema kama atahitaji oksijeni njiani. Na ikiwa mtu wa ukoo mwenye uwezo amejitolea kukodi ndege ndogo, ulizeni kwanza kama ndege hiyo hukandamiza hewa yake ndani. Nyingi za zile ndogo hazifanyi hivyo, na kwa mgonjwa wa aina hii hizo ndizo mbaya kuliko vyombo vyote tulivyotaja.

WATOTO WA SELI MUNDU

Nimeweka sehemu hii peke yake kwa sababu ya mahali Kosele ilipo. Mnamo 1949 kijana aliyelelewa humu Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Karibu na ziwa na huko Pwani aligundua kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watano hubeba chembe ya kurithi ya seli mundu. Milimani hakuwakuta ila wachache sana. Mwaka 1954 alichapisha sababu: anayerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo chembe hiyo imedumu pale malaria ilipodumu. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Kwa mgonjwa huyo, seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu zinapokosa oksijeni, zikanasa kwenye mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Mambo yanayozikunja ni hewa hafifu, baridi, ukosefu wa maji mwilini, uchovu na homa. Soma orodha hiyo tena ukiwa umefikiria safari ya usiku ya kupanda mlima katika basi. Utaona kwamba yote yamo.

Hata hivyo, mtoto wa seli mundu anaweza kusafiri hadi Eldoret na kurudi salama, na wengi husafiri. Kinachomwangusha aghalabu si urefu wa mlima bali kiu. Akina mama wengi huwanyima watoto maji kabla ya safari, nao wenyewe hawanywi, kwa kuogopa aibu ya kumwomba dereva asimame. Kwa mtoto mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa mtoto huyu laweza kumfikisha wodini. Mpe maji kuanzia jana yake, endelea kumpa njiani kidogo kidogo, na kabla ya kulipa nauli zungumza na makanga mbele ya dereva kwamba mtasimama Kisumu na Kapsabet. Akikataa, tafuta gari jingine. Steji haikosi gari.

Mavazi nayo yasisahaulike. Usiku wa Eldoret unaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na mtoto aliyezoea joto la ziwa huletwa akiwa na kaptura na kandambili. Sweta, soksi na kofia ziwe mikononi, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari au kwenye buti. Dawa zake za kila siku, kama vile foliki asidi, haidroksiyurea na ile ya kuzuia malaria, zisikatizwe hata siku moja kwa kisingizio cha safari. Dawa ya maumivu iwe mfukoni mwa mzazi.

Ikiwa amekuwa na maumivu makali katika siku kumi zilizopita, au ana homa leo, safari ya kliniki ya kawaida iahirishwe. Piga simu hospitalini, omba siku nyingine. Ikiwa ni dharura, hilo ni jambo jingine. Aende kwa ambulensi yenye oksijeni na mhudumu.

Na wewe uliyerithi chembe kutoka kwa mzazi mmoja tu, usijitie hofu. Eldoret hakukudhuru. Ila ukipata maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu ukiwa mahali pa juu, palipo na wengu, mwone daktari na umweleze habari ya chembe yako.

KUKAA SAA NYINGI

Tukirudi kwa wasafiri wote, ndege hulaumiwa sana kwa damu kuganda miguuni, hata ugonjwa huo ukapewa jina la viti vya bei nafuu vya ndege. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu kwa msafiri anayekaa saa nne au zaidi bila kujinyoosha, iwe ni katika ndege, basi, gari au treni. Kiti ndicho chenye lawama. Kwa mtu wa kawaida hatari bado ni ndogo sana, kiasi cha mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini mjamzito, aliyejifungua juzi, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani au aliyewahi kuganda damu hayumo katika hesabu hiyo ya mtu wa kawaida.

Kwa hiyo hesabu saa, si kilomita. Ndege kutoka Nairobi hadi Eldoret huchukua chini ya saa moja angani. Basi la njia hiyo ya kilomita 300 na zaidi huchukua saa tano au sita siku njema, na siku mbaya Mungu ndiye ajuaye. Ikiwa mgonjwa tayari yuko kwako Nairobi na ana tatizo la damu kuganda, au ametoka kujifungua kwa upasuaji, ndege yafaa ikiwa mfuko unaruhusu.

Kwa aliye Kosele mambo ni kinyume. Kwa kawaida akitaka kupanda ndege atasafiri hadi Kisumu, aruke hadi Nairobi, asubiri, kisha aruke tena hadi Eldoret. Na mtu asipokuwa mwangalifu hukata tikiti ya ndege inayotua Jomo Kenyatta na nyingine inayoondoka Wilson, mgonjwa akajikuta katika msongamano wa magari wa Nairobi bila kutarajia. Wakati anasubiri ndege ya pili, mwenzake aliyeshukia Kisumu na kupanda gari la Kapsabet atakuwa amekwisha kufika. Pesa za tikiti mbili za ndege ni afadhali ulipie gari la kukodi kutoka mlangoni hadi mlangoni, mgonjwa akae mbele na kiti kilazwe kidogo, na zitakazobaki zilipe chumba karibu na hospitali ili alale kabla ya kuonana na daktari. Sijaona mgonjwa aliyenufaika kwa kufika kliniki saa tatu asubuhi akiwa amekesha barabarani.

Basi la usiku, kwa kweli, silipendekezi kwa mgonjwa. Alfajiri ya Oktoba 10, 2018 basi lilipinduka karibu na Fort Ternan na zaidi ya watu 50 wakafariki. Jioni ya Juni 30, 2023 lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani na kuwaua wengine zaidi ya 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara. Milima ile ina ukungu, mvua na malori mazito. Safiri mchana, funga mkanda, na ukiona dereva anasinzia, paza sauti. Abiria wenzako watakushukuru baadaye hata wakikunong'ona sasa.

Wanaotapika njiani, na ni wengi katika kona za Nandi, wakae viti vya mbele, watazame mbali nje, wale chakula chepesi saa mbili kabla. Tembe za kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka. Zikimezwa wakati tumbo limekwisha kuchafuka huishia kwenye mfuko wa plastiki. Aliye mjamzito aulize kwanza ni zipi anazoruhusiwa. Tena mjamzito ajue kwamba mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na humkataa kabisa anapokaribia wiki ya 36. Basi halimdai barua yoyote, lakini hilo lisimdanganye: anayesubiri uchungu wakati wowote hana kazi katikati ya msitu.

Mgonjwa wa kisukari asiweke insulini kwenye buti, wala juu ya dashibodi penye jua, wala kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Ikae naye, katika chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi na kukaushwa. Mwenye pumu naye ashike pampu yake mkononi. Hewa baridi ya Burnt Forest huanzisha kifua ghafla.

SAFARI YA KURUDI

Watu hupanga safari ya kwenda na kuiacha ya kurudi ijipange yenyewe. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa kuwa anayerudi huenda si yule aliyekwenda. Alikwenda na uvimbe. Anarudi na nyuzi za kushona.

Hewa iliyofungiwa mwilini hupanuka mtu anapopanda juu. Kwa sababu hiyo aliyepasuliwa tumbo hushauriwa angoje siku kumi hivi kabla ya kuingia ndege. Aliyefungwa plasta ya mfupa uliovunjika angoje siku moja au mbili, au plasta ipasuliwe upande ili mguu ukivimba upate nafasi. Aliyekuwa na hewa iliyovujia kifuani nje ya pafu asipande ndege wala asivuke mlima hadi picha ya eksirei ionyeshe kwamba pafu limejaa tena.

Mfano mmoja sharti uukumbuke. Kuna upasuaji wa nyuma ya jicho ambapo daktari huacha povu la gesi ndani ya jicho lishikilie pazia la kuonea. Povu hilo likipanuka kwenye mwinuko, linaweza kulitia jicho upofu katika muda mfupi. Mgonjwa huambiwa asipande ndege, akaitikia, kisha akapanda basi la kupitia Timboroa. Tumekwisha kuona kwamba kwa jicho lake hapo hakuna tofauti. Muulize daktari kabla ya kutoka wodini: je, nina gesi ndani ya jicho, na njia yangu ya kurudi Kosele ikipanda juu zaidi ya hapa Eldoret, nitakuwa salama? Huenda akakuzuia kwa wiki kadhaa, nawe tii. Upasuaji wa kawaida wa mtoto wa jicho hauna gesi hiyo, na mgonjwa wake hana kizuizi hiki.

Masikio nayo huziba zaidi wakati wa kuteremka kuliko wa kupanda, awe ndegeni au kwenye mteremko wa kurudi ziwani. Mtu mzima ameze mate au atafune kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe ndege inapoanza kushuka, asiachwe alale. Mwenye mafua makali asubiri yapungue.

Mwisho ni jambo la homa. Malaria ya Kosele haionekani siku hiyo hiyo. Tangu mbu amume mtu hupita wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa kupanda. Kwa hiyo mgonjwa aliyeumwa na mbu nyumbani anaweza kuanza kutetemeka akiwa Eldoret, mahali ambapo malaria ni adimu na watu husema ni baridi tu imempiga, au ni uchovu wa safari. Usikubali maneno hayo. Mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo, na neno la kwanza umwambie mhudumu, hata kabla hajauliza, ni kwamba huyu ametoka Homa Bay, na tarehe aliyoondoka.